Meza Kuukuu Isitoke Nyumbani

Na Salma Athman

Ramadhani ikikaribia, Mji wa Kale wa Mombasa husafisha nyumba. Kuta hupigwa chokaa, mapazia hushushwa, na mikokoteni hupita Ndia Kuu ikiwa imesheheni viti vilivyovunjika, makabati na meza. Meza ndizo zinazoniuma. Nyingi ni nzima: uso umekwaruzika, kuna alama za vikombe, mguu mmoja unacheza. Zinauzwa kwa bei ya kuni, na wiki hiyo hiyo mwenyewe anakwenda dukani kuchukua kwa mkopo stuli ya sponji iliyoundwa kwa chipbodi. Hiyo ni hasara tupu, kwa sababu meza aliyoitoa ingekuwa stuli bora kuliko hiyo anayoilipia kila mwezi.

Wenye maduka ya vitu vya kale wanajua thamani ya mbao. Mgeni anayetoka ngome ya Fort Jesus huwalipa pesa nyingi kwa sanduku la zamani, huku orofani, juu ya duka lile lile, mwenye nyumba anamwita hamali aje achukue meza ya mvule. Mbao ngumu walizotumia wazee wetu, mvule, mninga na mbambakofi, hazipatikani kirahisi tena. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na Rais Ruto hakutangaza kuiondoa marufuku hiyo mpaka Julai 2023. Aliyechongesha kitanda miaka ile anazikumbuka bei. Nayo chipbodi haipatani na hewa ya bahari: ikipata unyevu huvimba kingo, skrubu hulegea, na haikubali kupigwa msumari mara ya pili. Halafu kuna ngazi zetu. Kochi jipya halipandi ngazi nyembamba za nyumba za hapa bila mlango kung'olewa. Meza iko juu tayari.

Kabla ya kushika msumeno, iangalie vizuri. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa cha kale chombo chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Milango iliyochongwa kabla ya 1946 nayo ina ulinzi wake. Kwa hiyo meza yenye nakshi ya mkono, au iliyopachikwa pembe, usiiguse. Fort Jesus si mbali. Nenda kawaulize watu wa makumbusho kwanza.

Ikiwa ni meza ya kawaida, kazi ianze. Meza ya kulia ina kimo cha kama sentimita 75, na kikalio kinataka 42 hadi 45. Sponji ya sentimita 10 hubonyea ikikaliwa, basi kata miguu meza ibaki na sentimita 35 hivi. Ipindue, pima kutoka kwenye ubao wa juu kwenda mguuni, si kutoka sakafuni, maana sakafu za nyumba zetu hazikulala sawa. Ikicheza baada ya kukatwa, bandika kipande cha mpira chini ya mguu mfupi. Ukianza kupunguza mguu mmoja, utafuata wa pili, kisha wa tatu.

Ubao wa juu ukiwa mwembamba, pigilia mbao mbili za kukingama chini yake. Kisha toboa matundu ya upana wa kidole hapa na pale, ubao mzima. Hayo ni ya hewa: mtu akikaa, sponji hukandamizwa na hewa hutokea chini, na unyevu wa masika haubaki ndani kuotesha ukungu.

Sponji ndiyo gharama kubwa, na hapo godoro la zamani ndilo mwokozi. Katikati limeshadidimia kwa miaka ya kulaliwa, lakini kingo zake, hasa za upande wa miguuni, bado ni ngumu. Kata huko. Mulika mishono kwa tochi kwanza utafute kunguni. Ukiwaona, godoro hilo halina kazi. Na likimumunyika mkononi likatoa unga, liache pia. Mwenye mto wa sufi wa zamani aitandaze ile sufi juu ya sponji, pembe zitalainika.

Vuta marekani juu yake, ndipo uweke kitambaa cha kuonekana. Leso inapendeza, na Biashara Street ina kila rangi, lakini ni nyepesi, na ikivutwa kwenye kona na kukaliwa kila siku hupasuka. Kikoi kizito kinastahimili, au pazia zito la mtumba kutoka Kongowea. Piga pini ya kwanza katikati ya upande mmoja, ya pili katikati ya upande unaoelekeana nao, halafu zile pande mbili nyingine, kisha usogee kidogo kidogo kuelekea kona. Ukianzia konani, mistari ya kikoi itakwenda upogo na hutaweza kuinyoosha. Nunua pini zisizoshika kutu. Zile za kawaida huliwa na chumvi ya bahari, na doa la kutu hutokea kitambaani.

Jambo moja silisemi kwa upole. Sponji hushika moto upesi na moshi wake ni sumu. Chetezo cha udi kisiwekwe juu ya stuli hii, hata kwenye sinia, hata kwa dakika moja wageni wanapojifukiza. Vichochoro vya Kibokoni havipitishi gari la zimamoto.

Asiye na mkono wa kazi ampelekee fundi wa makochi meza na vifaa vyake mwenyewe, wapatane ujira kabla ya kuanza. Mlipe vizuri, maana mbao na sponji hukununua. Ila mwambie asipigilie kitambaa cheusi cha kufunikia upande wa chini wa stuli mpaka uje uione kazi: matundu yametobolewa, mbao za kukingama zimekaza, na sponji iliyomo ni ile uliyompa.