Mtandao Umekatika au Umekatwa?

Kila mwalimu wa Kiswahili hufundisha tofauti baina ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Uzi ukikatwa, yupo aliyeukata. Ukikatika, hatuulizi ni nani. Aghalabu wakubwa wetu hujificha nyuma ya kauli hii ya pili.

Katika uchaguzi wa 2013, vifaa vingi vya kielektroniki vya kutambua wapigakura viliharibika, tukarejelea madaftari ya karatasi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza seva za tume ya uchaguzi zikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo, na mnamo Septemba 1 uchaguzi wa urais ukabatilishwa.

Kisha Juni 25, 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, intaneti ilizorota nchini. Siku moja tu kabla ya hapo, Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema haina nia ya kuizima. Kampuni za simu za Safaricom na Airtel zilieleza kuwa nyaya za chini ya bahari zilikuwa na hitilafu. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, anayelipia huduma anastahili ushahidi, si maelezo matupu.

Kandanda imetuzidi busara. Mpira ukitoka uwanjani, mwamuzi haridhiki kusema umetoka. Hutazama aliyeugusa mwisho, na timu yake ikaupoteza.

Basi wanafunzi, mkiambiwa mitambo imeharibika, igeuzeni sentensi hiyo iwe katika kauli ya kutendwa, kisha muulize: imeharibiwa na nani?