Maneno Mengi Yalivyoificha Karo

MAJUZI nilikuwa mjini Embu, katika saiba moja iliyo karibu na steji ya matatu, nikingoja kuchapishiwa karatasi zangu. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka upande wa Runyenjes. Alikuwa na barua iliyoandikwa kwa mkono, karatasi mbili zilizojaa pande zote, na alitaka ichapwe vizuri ipate kusomeka. Kijana wa saiba aliitazama akamwambia kwamba hapo malipo ni kwa ukurasa, na kwamba hiyo ni kazi ya kurasa tatu.

Mama aliushika mkoba wake asiufungue. "Hakuna namna ya kuifanya iwe ndogo?" akauliza.

Kijana, ambaye alikuwa amesikia mtu akinisalimu kwa jina la mwalimu, alininyoshea kidole. "Muulize mwalimu huyo."

Hivyo ndivyo nilivyoipata barua ninayotaka tuizungumzie leo. Mwenyewe amenipa ruhusa, mradi nisimtaje jina. Ilikuwa barua ya kuomba basari. Muhula uliotangulia alikuwa amepeleka nyingine yenye maneno hayo hayo, wala hakujibiwa. Kijana anayemlea, mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya bweni huko Meru, alikuwa ameketi nyumbani kwa wiki ya tatu.

Barua ilianza hivi:

"Kwa heshima na taadhima kubwa ningependa kuchukua fursa hii adhimu ili niweze kukuandikia waraka huu nikiwa na matumaini makubwa ya kwamba u buheri wa afya wewe pamoja na familia yako yote kwa jumla, na kama ni hivyo basi ni jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu. Lengo na madhumuni ya waraka huu ni kutaka kukujulisha ya kwamba mtoto wa marehemu kaka yangu ambaye amekuwa na matatizo ya masomo kwa muda mrefu kutokana na suala la ukosefu wa karo ameweza kurudishwa nyumbani kutoka shuleni."

Hayo ni maneno 81, na bado hajaomba kitu. Ombi lenyewe nililikuta mbali, karibu na sahihi, na kiasi cha pesa anachohitaji hakikutajwa popote.

Tafadhali usimcheke mama huyu. Barua yake haikuwa na kosa la sarufi hata moja, na hati yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Aliandika jinsi alivyofundishwa, na jinsi wengi wetu tulivyofundishwa: kwamba Kiswahili kizuri ni kile kinachozunguka kama barabara ya kutoka Embu kwenda Meru, kona baada ya kona. Tofauti ni kwamba barabara ile ina sababu ya kuzunguka, kwa kuwa kuna mabonde na mito. Sentensi yetu huzunguka katika uwanda ulio wazi.

Nilimwomba tuisome pamoja, pole pole. Tulipofika kwenye neno "ambaye" nikasimama.

"Mama, hapa mwenye matatizo ya masomo ni nani? Ni mtoto au ni kaka yako?"

Alicheka. "Kaka yangu ni marehemu, mwalimu. Ana masomo gani tena?"

"Basi ni mtoto. Je, ni mzito darasani?"

"La hasha! Muhula uliopita alikuwa wa nne katika darasa lake."

Hapo ndipo nilipoona hatari ya barua ile. Mtu aliye na rundo la barua mezani, akisoma kwamba kijana "amekuwa na matatizo ya masomo kwa muda mrefu", anaweza kufikiri kwamba huyu ni mtoto asiyejiweza darasani, na kwamba pesa za basari afadhali apewe mwingine. Maneno ya kumtetea kijana yalikuwa yanamshtaki. Na jambo ambalo lingemsaidia, ile nafasi ya nne, halikuwamo katika kurasa zote zile. Lilikosa mahali pa kukaa.

Halafu kuna "ameweza kurudishwa nyumbani". Siku hizi kitenzi "kuweza" kimekuwa kama chumvi, kila chungu hutiwa. Redioni utasikia kwamba gari liliweza kupinduka na wezi wakaweza kutoroka. Kuweza ni kumudu jambo, kuwa na uwezo nalo. Mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya karo hakuweza lolote, amerudishwa tu. Na "lengo na madhumuni" ni mapacha, mmoja anatosha. "Suala la ukosefu wa karo" ni kukosa karo. "Kutaka kukujulisha" ni kukujulisha, na ukiwa unajulisha kweli huhitaji kutangaza kwamba unajulisha.

Nina shaka na wale wanaosema kwamba maneno haya mengi yanatokana na lugha zetu za nyumbani. Kiembu na Kimeru, kama Kiswahili, ni lugha ambazo kitenzi kimoja hubeba mzigo wa sentensi nzima. Mzee wa Tigania akitaka kusema kwamba mtu alimnunulia mtoto kitabu, hasemi ati "alifanya ununuzi wa kitabu kwa ajili ya mtoto". Kitenzi chake, kama chetu, kina mahali pa mtendaji, wakati, mtendewa na hata yule aliyefaidika. Mazoea ya kukivunjavunja kitenzi yalitoka afisini, katika barua na ripoti zilizotafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza. Ndiyo maana tunafanya uchunguzi badala ya kuchunguza, tunatoa msaada badala ya kusaidia, na tunatoa shukrani ilhali tungeweza kushukuru. Rudisha kitenzi mahali pake, na maneno mawili matatu yatajiondokea bila kufukuzwa. Vivyo hivyo na "ambaye": "mtu ambaye alikuja" ni "mtu aliyekuja". Sisemi "ambaye" litupwe, kwa maana kuna mahali ambapo pasipo neno hilo sentensi haisimami. Nasema lisiwekwe mahali ambapo msomaji atauliza, "Yupi?"

Shuleni nako tunalea ugonjwa huu. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili humtaka mtahiniwa aandike insha mbili, kila moja isipungue maneno 400, kwa muda wa saa moja na dakika 45. Mwanafunzi anapoambiwa maneno 400, huona pengo la kujazwa. Basi huleta jua lililochomoza kutoka mashariki, kana kwamba kuna siku lilichomoza kutoka Nanyuki, na ndege wanaotumbuiza, na nyasi zenye umande, hata kama swali lilihusu ajali za barabarani. Nimesahihisha insha za namna hiyo hadi nikawachukia ndege wenyewe. Lakini karatasi ya pili humpa mwanafunzi yule yule kifungu cha kufupisha kwa idadi ya maneno aliyowekewa, na ufupisho huo una alama 15. Aghalabu huzichukua kazi hizi mbili kama vitu viwili vilivyo mbalimbali: hapa nijaze, pale nipunguze. Mwanangu unayejiandaa kwa mtihani, hebu ijaribu insha yako kwa jicho la ufupisho. Chukua aya yako ya kwanza na uifupishe kama ungefupisha kifungu cha mtu mwingine. Ikiwa baada ya kufupisha hakubaki kitu, aya hiyo haikuwa na kitu. Tafuta jambo la kusema, kisha maneno 400 utayaona ni machache.

Kufupisha nako kuna mpaka wake. Wazee wanakumbuka zama za telegramu, zilizolipiwa kwa idadi ya maneno, na jinsi watu walivyojifunza ubahili wa maneno posta. Sasa fikiria mtu aliye Nairobi anayepokea maneno matatu, BABA AMELAZWA NJOO. Anapanda basi, anapita Embu, anapita Chuka, anapitiliza hadi Meru mjini, kumbe mgonjwa yuko hospitali ya Chogoria, ambako aliacha njia nyuma yake. Neno "Chogoria" lingegharimu senti chache. Kabla ya kukata neno ni lazima ujiulize kama msomaji atalihitaji ili afike.

Hata mimi nilikaribia kukosea pale saiba. Nilitaka kuandika "ninamwombea kijana basari", kwa kuwa ni fupi na kitenzi kinafanya kazi yake. Mama akaniambia kwamba mwenyekiti atadhani tuko kanisani, tunamwombea kijana apate basari mbinguni. Alikuwa na haki. Tukarudisha "kwa ajili ya".

Kisha tukagombana kidogo juu ya salamu. Mimi nilikuwa nimezifuta zote, maneno 44. Mama alinyamaza, halafu akasema kwa upole, "Mwalimu, wewe ukienda kwa mzee wa watu, unaingia ukisema nipe?" Nilishindwa kumjibu. Kwetu huku, kuanzia Mbeere hadi Igembe, hakuna boma utakaloingia ukaanza na shida yako, na mtu anayeipokea barua ni mtu wa huku huku. Msomaji huyo anahitaji salamu kama yule wa Nairobi alivyohitaji jina la hospitali. Tulikubaliana kwamba salamu zikae, lakini ziwe za mstari mmoja. Kilichoondoka ni kule kuomba ruhusa ya kuandika barua ambayo tayari imekwisha kuandikwa.

Maneno yalipopungua, nafasi ilipatikana. Barua ya kwanza ilisema kwamba "hali yangu ya kiuchumi ni duni sana mno kupita kiasi". Kila mwombaji husema hivyo. Nikamuuliza mama anaishi kwa nini. Alisema ana mashina 90 ya kahawa na kwamba malipo huja mara moja kwa mwaka. Nikamuuliza amelipa nini shuleni. Alisema shilingi 6,000, na risiti anayo. Mambo haya mawili hayakuwa yamemjia akilini kuyaandika, kwa sababu "duni sana mno" ilikuwa imekwisha kuketi katika kiti chake.

Tulimsomea kijana wa saiba kwa sauti, naye akachapa:

"KUH: OMBI LA BASARI YA SHILINGI 14,500

Salamu kwako Mwenyekiti na kwa wanakamati wote.

Ninaomba basari ya shilingi 14,500 kwa ajili ya kijana ninayemlea, mtoto wa marehemu kaka yangu. Mama yake pia alifariki, mwaka wa 2021. Kijana huyu ni yatima. Yuko kidato cha pili katika shule ya bweni huko Meru, na muhula uliopita alikuwa wa nne darasani. Alirudishwa nyumbani wiki tatu zilizopita kwa kukosa karo. Mimi ni mkulima mwenye mashina 90 ya kahawa, na malipo huja mara moja kwa mwaka. Nimelipa shilingi 6,000, na risiti nimeiambatisha. Ninaomba mnisaidie kulipa zilizobaki ili arudi shuleni."

Ikatoka kwenye mashine, nusu ukurasa. Mama aliivaa miwani yake akaisoma mara mbili, midomo ikicheza. Mara ya pili aliweka kidole juu ya mstari mmoja.

"Mwalimu, tumesema baba yake ni marehemu, tumesema mama yake alifariki. Hili neno yatima linafanya nini hapa?"

Niliangalia. Halikuwa na kazi yoyote. Kijana wa saiba akalifuta, akachapa nakala mbili, moja ya kamati na moja ya kuwekwa nyumbani. Mama akalipa, akaikunja yake mara moja tu isije ikachakaa, akatoka kuliwahi gari la Runyenjes.