CBG si pole ya aliyekosa PCB

Kila TAMISEMI inapotangaza waliochaguliwa kidato cha tano, nyumba kadhaa za Korogwe na Handeni huwa kama zimefiwa. Mtoto kapangiwa CBG. Shangazi anapiga simu kutoa pole. Mjomba anauliza kama kuna mtu wa kumwona ili ahamishiwe PCB. Kwa akili yao, Kemia, Biolojia na Jiografia ni kombi ya waliokimbiwa na Fizikia, na mambo ya mazingira ni kupanda miti Mkuu wa Wilaya akija.

Upuuzi. Tena unasemwa Handeni, mahali pasipostahili kabisa kuusema.

Nenda kwenye machimbo madogo ya dhahabu. Mawe yakishasagwa kwenye karasha, mchenjuaji humwagia zebaki inase chembe za dhahabu, kisha donge lile huchomwa kwenye karai. Zebaki inapaa kama mvuke, na wa kwanza kuivuta ni yeye mwenyewe. Iliyobaki kwenye tope hushuka na mvua hadi kijitoni, bakteria wakaigeuza kuwa sumu kali zaidi inayolundikana mwilini mwa samaki. Kijito kinaelekea wapi, na kisima cha nani kiko chini ya mteremko? Hapo niambie kemia inaishia wapi na jiografia inaanzia wapi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haupimi tope. Tope hupimwa na mtu aliyesoma.

Au mkonge. Katika jani zima, nyuzi hazifiki hata asilimia 5. Kinachobaki hutoka kwenye korona, mashine ya kusagia majani, kama makapi na maji machachu, ambayo yakiingia mtoni humaliza oksijeni ya samaki. Waliojenga mtambo wa biogesi pale Hale, wakazalisha umeme kwa makapi hayo, hawakuwa wakipanda miti.

Kweli, bila Fizikia husomei udaktari wa binadamu, na ajira za mazingira haziokotwi njiani. Lakini hata wa PCB waliokosa nafasi ya udaktari tunawaona wakizunguka na bahasha za kaki.

Handeni yenyewe imetegemea bomba kuu la maji la HTM (Handeni Trunk Main) tangu miaka ya 1970, likivuta maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe. Likikatika, watu wanarudi kwenye malambo, wakinywa pamoja na ng'ombe. Shangazi akinipigia mwaka huu, nitamwuliza kwanza: maji uliyopikia chai asubuhi, nani aliyapima?