Shabaha Kwanza, Mtutu Baadaye!
Jamani waandishi wenzangu, mpaka lini shujaa wa riwaya atapewa bastola kubwa kuliko ya jambazi, basi kashashinda? Iulizeni delta ya Rufiji. Tarehe 6 Julai 1915 manowari za Waingereza, Severn na Mersey, zilimimina mamia ya makombora ya inchi 6 kuipiga Königsberg ya Mjerumani. Wapi! Haikuzama. Tarehe 11 zikarudi na mizinga ileile, ila sasa zikipiga kwa zamu, ndege juu ikizisahihisha shabaha. Königsberg kwisha! Shujaa wako anajihami gizani, mkono unamtetemeka: mtutu mnene utamsaidia nini? Sisi wa Kibiti tuliozika watu 2017 tunajua, risasi huulizwa imeingia wapi.