Mwanagenzi Naye Anakula

Nchini Marekani, kijana anayejifunza ufundi wa vyuma vya majengo na madaraja husoma miaka 3 au 4 huku akilipwa. Yuko kazini akifunga nondo, yuko pia darasani. Ujuzi ukiongezeka, mshahara nao hupanda.

Kwetu Tanzania, mwanagenzi wa karakana mara nyingi hushinda akichomelea mageti bila ujira, eti malipo yake ni ujuzi. Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kumdhulumu mfanyakazi ujira wake ni dhambi inayolilia mbinguni.

Sisi tunaosoma falsafa tukilishwa kwa sadaka za waamini, tusinyamaze. Mafundi wa parokia zetu, anzeni na vijana mlio nao.