Kabla ya Kupandisha Dau Tena

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Wasia huo ulinirudia akilini hivi majuzi, nilipotembelewa nyumbani kwangu Kimuka, upande wa pili wa vilima vya Ngong, na kijana niliyemfundisha hisabati katika shule ya upili. Sasa ana umri wa miaka ishirini na mmoja, naye ni mwanafunzi wa chuo. Aliketi, akanywa chai, akasifu mvua iliyonyesha, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Mwalimu," alisema, "katika mchezo wa poka wa kwenye simu, mtu akipandisha dau kabla ya karata za mezani kufunuliwa, ni wakati gani inanifaa kupandisha tena juu yake?"

Nilimtazama kwa muda. Nilipomdodosa, ukweli wote ulitoka. Karo ya muhula mzima ilikuwa imeyeyukia katika meza hizo za mtandaoni. Karo hiyo ilikuwa imetokana na mitamba wawili ambao mama yake aliwauza. Kijana alikuwa amenijia kwa mambo mawili: kwanza, nimfundishe kucheza vizuri zaidi, pili, nimsemee kwa mama yake auze mtamba wa tatu.

Najua walimu wengi wangemfukuza kabla hajaimaliza chai yake. Mimi sikumfukuza. Nilichukua karatasi na kalamu, nikamjibu swali lake, tena nikalijibu hadi mwisho wake. Naandika leo kueleza kwa nini nilifanya hivyo, na kwa nini naamini kwamba walimu wenzangu wanafaa kufanya vivyo hivyo.

Mchezo wenyewe si mgeni kwetu kama tunavyodhani. Karata zilifika pwani yetu pamoja na Wareno, na lugha yetu ingali na ushahidi wa safari hiyo: neno karata lenyewe, kopa, uru, shupaza, pau, ree na turufu yote yana asili ya Kireno. Lakini kabla ya karata tulikuwa na bao, na Wamaasai wa huku kwetu wana enkeshui, mchezo wa jamii hiyo hiyo ya mashimo na kete. Katika bao kila kete i wazi mbele ya macho ya wote wawili. Anayeshindwa ameshindwa kwa kuwa hakuona lililokuwa mbele yake. Katika karata sehemu ya ukweli imefichwa. Mchezaji hana budi kuamua kabla ya kujua. Hiyo ndiyo hali ya mfugaji wa Kajiado anayejiuliza kama auze ng'ombe sasa au asubiri mvua. Na waliosubiri kupita kiasi katika ukame wa 2009 na ule wa 2022 wanajua gharama ya kukisia vibaya.

Katika poka inayochezwa sana mtandaoni, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Baadaye karata tatu hufunuliwa mezani kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano. Lakini dau la kwanza huwekwa kabla ya hizo tatu, wakati kila mtu ana karata zake mbili tu. Karata ni 52, na jozi za karata mbili zinazoweza kupatikana ni 1,326. Ree mbili zaweza kukufikia kwa njia sita tu kati ya hizo, yaani mara moja katika 221. Ukijumlisha ree mbili, wafalme wawili, malkia wawili, na ree pamoja na mfalme, unapata njia 34 tu, yaani takriban mara moja katika 39. Hayo ndiyo makundi ambayo mchezaji mwangalifu huyategemea kwanza anapotaka kupandisha dau juu ya dau la mwenziwe. Sababu yake ni nyepesi: anataka mwenye karata hafifu zaidi alipe ili aendelee.

Ipo sababu ya pili, na hapa ndipo hesabu inapopendeza. Ukishika ree moja na mfalme mmoja, umeziondoa karata hizo katika mikono ya mpinzani wako. Njia zake za kuwa na ree mbili zimepungua kutoka sita hadi tatu; njia za kuwa na wafalme wawili vivyo hivyo. Yaani karata unazozishika zinakupa habari kuhusu karata usizoziona. Mwanafunzi akilielewa jambo hilo moja, ameelewa kuhusu uwezekano wenye masharti kuliko atakavyoelewa kwa kuhesabu mipira myekundu na myeusi mfukoni kwa muhula mzima.

Kisha kuna bei. Tuseme wawili wa mwanzo wameweka kwa lazima shilingi 10 na shilingi 20, na mtu amepandisha hadi 60. Mezani pana shilingi 90. Wewe, uliye wa mwisho kusema, unapandisha tena hadi 180. Umehatarisha 180 ili upate 90. Ukiacha kando zile mara utakazofuatwa na bado ukashinda, ni sharti wote watupe karata zao mara mbili katika kila tatu ndipo utoke sare. Je, mtu huyu hutupa karata mara nyingi kiasi hicho? Ikiwa amepandisha akiwa wa kwanza kusema, huku wengi wakiwa bado nyuma yake, yamkini ana karata nzito na hatatupa. Ikiwa amepandisha akiwa karibu na mwisho, ambapo watu hupandisha hata kwa karata za ovyo, huenda akatupa. Kwa hiyo jibu la swali la kijana lilikuwa hili: pandisha tena ukiwa na karata nzito kweli, au ukiwa na karata inayomzuia mwenzio na sababu njema ya kuamini kwamba atakimbia; pandisha ukiwa wa kusema baada yake kuliko kabla yake; na usipandishe kamwe kwa pesa ambazo ukizipoteza huwezi kuketi tena.

Nilipofika hapo nilimwuliza yeye alikuwa akipandisha lini. Alijibu kwa sauti ya chini: "Nilipokuwa nimeshindwa, Mwalimu. Ili nirudishe."

Tazama basi, ndugu msomaji. Katika sababu zote nilizozitaja hakuna hata moja iitwayo hasara ya jana. Karata hazina kumbukumbu. Hazijui kwamba umepoteza karo, wala hazikuonei huruma. Isitoshe, hata anayefanya kila kitu sawasawa huumia: ree mbili zikipambana na wafalme wawili hadi mwisho, hushindwa takriban mara moja katika tano. Mwenye mfuko mzito hustahimili pigo hilo akaendelea. Mwenye karo ya muhula mmoja pigo hilo moja humtoa uwanjani, hata kama uamuzi wake ulikuwa sahihi.

Wako watakaosema kwamba poka si bahati nasibu, ni mchezo wa akili, na wapo wanaoishi kwayo. Ni kweli, nami sitaki kumdanganya mwanafunzi. Katika poka unacheza dhidi ya watu wengine, na mwenye ujuzi humshinda asiye nao kadiri michezo inavyozidi. Lakini hapo ndipo penye mtego. Shilingi anayoipata mmoja imetoka mfukoni mwa mwingine, na mwenye meza hukata fungu lake katika kitita kabla mshindi hajakishika. Serikali nayo ina lake: Sheria ya Fedha ya 2025 iliweka ushuru wa asilimia 5 kwa pesa zinazoingizwa katika akaunti ya kamari, na kodi ya asilimia 5 kwa zinazotolewa. Kwa viwango hivyo, aliyeingiza shilingi 1,000 hubaki na 950. Akizitoa bila kucheza hata mara moja, hupata shilingi 902 na senti 50. Wachezaji wote kwa jumla lazima watoke na kidogo kuliko walichokuja nacho. Kwa hiyo swali si kama kuna wanaofaidika. Swali ni nani anayewalipa, na mara nyingi ni kijana kama huyu wangu.

Vijana hupenda kumtaja Mmarekani Chris Moneymaker, mhasibu aliyeingia kwa ada isiyofika dola 100 katika shindano la mtandaoni, akafuzu, na mwaka wa 2003 akatwaa ubingwa wa dunia wa poka pamoja na dola milioni 2.5. Ni habari ya kweli. Lakini shindano hilo lilikuwa na wachezaji 839, na hakuna kijana hata mmoja aliyeweza kunitajia kumi kati ya wale 838 wengine. Tena zama zimebadilika. Mwaka wa 2019 watafiti wa Marekani walitangaza programu iitwayo Pluribus iliyowashinda wachezaji stadi katika meza ya watu sita. Anayecheza kwenye simu usiku wa manane hana njia ya kujua kama aliye mbele yake ni mtu au mashine.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, inamkinga aliye chini ya miaka 18. Huyu wangu amekwisha kuvuka umri huo, sheria haimfikii. Kinachoweza kumfikia ni kile tulichokiweka kichwani mwake alipokuwa darasani. Mtaala wa 8-4-4 uliliweka somo la uwezekano katika kidato cha tatu, nasi wengi tulilipitia mbiombio kwa sarafu na dadu ili tuuwahi mtihani. Tulisahau kwamba elimu hiyo ilizaliwa kutokana na swali la wacheza kamari, ambalo Pascal na Fermat waliandikiana barua juu yake mwaka wa 1654. Tuliwaambia wanafunzi kwamba kamari ni mbaya, tukaishia hapo. Matangazo yaliwaambia kwamba ni tamu, yakaendelea usiku na mchana.

Nitaulizwa: je, kumfundisha mtoto hesabu ya dau si kumfundisha kamari? Nakiri kwamba hatari ipo, na mwalimu asiyeweza kuifikisha hesabu hiyo mwisho wake ni afadhali asiianze. Lakini anayeifikisha mwisho atagundua kwamba inamfundisha mtu kukataa. Mchezaji bora kabisa hutumia sehemu kubwa ya usiku wake akitupa karata. Na kabla ya kutupa karata ya kwanza kuna uamuzi mwingine uliotangulia: kuketi au kutoketi. Ukiupima uamuzi huo kwa vipimo vile vile, yaani bei, nguvu ya mpinzani, fungu la mwenye meza na uzito wa mfuko wako, mwanafunzi wa karo ya mama hupata jibu lile lile kila mara.

Limebaki suala la mtamba wa tatu. Nilikataa kumsemea. Hata hivyo sikumwacha aende peke yake, kwa maana mama yule naye yu mezani: ameshaweka mitamba wawili juu ya mtoto huyu, na anaombwa apandishe dau tena kabla hajaona lolote. Nilimwambia kijana aende amweleze mama ukweli wote, asimfiche hata senti, kisha amwonyeshe jambo jipya ambalo mitamba wawili wa kwanza hawakulipata. Akifuta akaunti ile mbele yake, akapata kibarua cha likizo, akairudisha hata sehemu ndogo ya karo kwa jasho lake, mama atakuwa na sababu. Asipokuwa na lolote la kuonyesha ila majuto, basi anamtaka mama afanye kosa lile lile lililomfilisi yeye: kuongeza dau kwa sababu ya hasara iliyopita.

Alinyamaza kwa kitambo kirefu. Kisha akaikunja ile karatasi ya hesabu, akaitia mfukoni, akaniomba nimsindikize hadi kwao. Tuliondoka pamoja jua likielekea kutua.