Mbio za Msichana Ziheshimiwe Kama Kazi

Jumapili ya Novemba 2, 2025, Hellen Obiri alishinda Marathoni ya New York kwa muda wa saa 2, dakika 19 na sekunde 51. Vyombo vya habari viliusifu ushindi huo, na ulistahili sifa. Hata hivyo, kuna jambo ambalo wengi wetu tulilipita haraka. Rekodi iliyovunjwa siku hiyo ilikuwa ya saa 2, dakika 22 na sekunde 31, nayo ilikuwa imedumu kwa miaka 22. Aliyeiweka mwaka 2003 ni Margaret Okayo, mzaliwa wa Masaba, sehemu ambayo leo imegawanywa baina ya Kisii na Nyamira. Obiri naye ni binti wa Kisii. Rekodi ya wanawake katika jiji kubwa kuliko yote nchini Marekani ilitoka kwa binti mmoja wa Gusii ikachukuliwa na mwenzake.

Mwalimu unayesoma makala haya, nakuomba kesho asubuhi uwaulize wanafunzi wako Margaret Okayo ni nani. Huenda wakamtaja Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968. Huenda mmoja au wawili wakamjua Nyandika Maiyoro, aliyekimbia Melbourne mwaka 1956, au Yobes Ondieki, bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1991. Lakini nachelea kwamba jina la Okayo litapokewa kwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Okayo hakushinda kwa bahati ya siku moja. Alishinda New York mwaka 2001 na tena mwaka 2003, na mara zote mbili akaweka rekodi ya mbio hizo. Mwaka 2002 alishinda Boston kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 43, akimtangulia Mkenya mwenzake Catherine Ndereba aliyekuwa akiogopwa na kila mtu. Rekodi hiyo ya Boston haikuvunjwa hadi mwaka 2014. Mwaka 2004 alishinda London. Laiti mambo hayo yangefanywa na mvulana, naamini kwamba kila mtoto wa Masaba angeyajua kabla ya kujua kusoma.

Safari ya Obiri ina mafunzo mengi zaidi kwa mwanafunzi, kwa kuwa haikunyooka. Mwaka 2012 alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 3,000 katika mashindano ya ndani ya ukumbi mjini Istanbul. Mwaka 2013 alipata shaba ya mita 1,500 mjini Moscow. Mwaka 2015 alijifungua mtoto. Katika jamii yetu wapo wengi wanaoamini kwamba mwanamke akishazaa, mwili wake hauna tena kazi uwanjani. Obiri hakubishana nao kwa maneno. Mwaka 2016 alirudi na medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini London, na mwaka 2019 akautetea ubingwa huo mjini Doha. Mwaka huohuo wa 2019 alishinda ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mjini Aarhus. Ndiye mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia ukumbini, uwanjani na nyikani.

Baada ya fedha nyingine ya Olimpiki mjini Tokyo mwaka 2021, wengi wangepumzika. Yeye aliamua kujifunza kazi mpya. Marathoni yake ya kwanza, New York mwaka 2022, alimaliza wa sita. Mwaka uliofuata alishinda Boston na New York. Mwaka 2024 alishinda Boston tena, kisha akapata shaba ya Olimpiki mjini Paris. Hiyo ndiyo tabia ya fundi hodari: akishindwa leo hurudi kuuchunguza ufundi wake, wala haendi kulalamika.

Kwa ajili ya marathoni, Obiri alihamia mji wa Boulder, jimbo la Colorado, huko Marekani. Mji huo uko takriban mita 1,650 juu ya usawa wa bahari. Mji wetu wa Kisii uko takriban mita 1,700. Basi hakufuata hewa nyepesi wala vilima, maana hivyo tunavyo tele, kutoka Kiamokama hadi Manga. Alichofuata ni kocha wa kumtazama kila siku, wenzake wa kufanya nao mazoezi, na mpango unaojulikana tangu Januari hadi Desemba. Huko mbio zinachukuliwa kuwa kazi yenye saa zake, vifaa vyake na wataalamu wake.

Je, sisi tunazichukuliaje? Okayo aliajiriwa na Idara ya Magereza, naye Obiri akajiunga na jeshi. Tunazishukuru idara hizo, kwa kuwa ziliwapa wasichana wetu mshahara, muda wa mazoezi na nafasi ya kushindana. Lakini shukrani hizo zina aibu ndani yake. Ina maana kwamba msichana hana budi kuvaa sare ya askari ndipo mtu mzima aitambue kazi ya miguu yake. Shuleni, kipindi cha elimu ya viungo kimo katika ratiba iliyobandikwa ukutani, ila darasani kinafundishwa hesabu. Mikondo ya riadha ikikaribia, mwalimu wa michezo huchagua timu kwa siku mbili, msichana hushinda mbio za kata, hupigiwa makofi, kisha hurudi nyumbani kuchota maji na kuchuma majani chai. Hakuna aliyeandika muda wake daftarini. Anapofika kidato cha nne huambiwa kwamba sasa aache michezo, ashike mambo ya maana.

Najua jibu la wazazi na wakuu wa shule. Watasema kwamba kwa kila Obiri mmoja wapo maelfu wasiofika popote, na kwamba kalamu haimtupi mtu. Hoja hiyo ina uzito, wala siidharau. Ila nayo inathibitisha ninalolisema. Iwapo njia ya mbio ni nyembamba, basi anayeipita ahitaji elimu zaidi ya mwenzake, si pungufu. Mwaka 2023 mshindi wa Boston alitengewa dola 150,000. Katika fedha za namna hiyo mna kodi, mna fungu la wakala na mna mkataba wa kampuni ya viatu wenye kurasa nyingi. Msichana asiyeweza kuusoma mkataba huo atasomewa na mtu mwingine, na msomaji huyo huenda akajisomea fungu lake kwanza.

Tena hatari si fedha pekee. Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 ya mbio za wanawake pekee. Kifo chake kiliifanya nchi nzima izungumzie wanaume wanaowatawala wanariadha wa kike pamoja na mali zao. Zaidi ya hayo, orodha ya Wakenya waliopigwa marufuku kwa kutumia dawa haramu ni ndefu, na baadhi yao walimeza au kudungwa vitu wasivyovifahamu. Haya yote yanafaa kufundishwa mapema, kwa lugha anayoielewa mwanafunzi, kabla hajatoka kijijini na kukutana na watu wenye ndimi tamu.

Sasa tunayo nafasi. Mtaala wa umilisi umeifanya sanaa pamoja na sayansi ya michezo kuwa mmojawapo wa mikondo mitatu ya sekondari pevu. Lakini mkondo ulioandikwa katika kitabu cha serikali hautamfaa msichana wa Nyamira ikiwa shule yake haina mwalimu aliyesomea michezo, au ikiwa mwalimu huyo atautumia kuwa jalala la wanafunzi waliofeli hesabu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kisii na Nyamira mambo matatu, na hata moja halihitaji uwanja wa mamilioni. Kwanza, kipindi cha elimu ya viungo kiheshimiwe kama vipindi vingine. Pili, kila shule iwe na daftari la muda wa wakimbiaji wake, wasichana kwa wavulana, muhula baada ya muhula, ili kipaji kisisahauliwe mwalimu anapohamishwa. Tatu, msichana anayekimbia afundishwe mambo ya mkataba, ya benki, ya umiliki wa mali na ya dawa haramu.

Nanyi wasichana mnaosoma haya, msiache vitabu kwa sababu ya mbio, wala msikubali kuambiwa kwamba mbio ni mchezo wa kitoto. Rekodi ya Okayo ilingoja miaka 22. Ya Obiri nayo itavunjwa siku moja. Huenda atakayeivunja yumo darasani mwako sasa hivi, mwalimu, katika kipindi kile kilichogeuzwa kuwa cha hesabu.